Pua ya Mama Mukwe

Mimi kazi nilipewa kwa sababu ya pua. Usicheke. Kuna watu hapa Kasongo walipewa kazi kwa sababu ya mujomba, na mujomba mwenyewe hajui kitu. Pua yangu angalau ilijua samaki wa jana na samaki wa juzi hata kitunga kikiwa kimefungwa. Miaka arobaini nimeuza samaki Nyangwe, na hakuna muvuvi aliyenidanganya mara mbili.

Shefu Déo alikuja na mashini yake ya kutafuta dhahabu chini ya muto Lualaba, upande wa chini wa Nyangwe, maji yalipopungua. Ukiiona utasema ni takataka: mitumbwi miwili mikubwa imefungwa pamoja kwa mbao, na juu yake moteri mbili. Moteri moja inavuta muchanga na mawe kutoka chini ya muto. Ya pili ni kompresa, kazi yake kusukuma hewa ndani ya tiyo ndefu ya plastiki. Mwisho wa tiyo kuna kidude cha mpira. Plonjeri, yule wa kuzama, anakiuma kwa meno, anafunga vyuma vizito kiunoni, anashuka mita kumi na mbili kwenye giza, anakaa huko saa nzima akiongoza bomba la kuvuta muchanga. Pumzi yake yote inatoka kwenye kompresa. Moshi ukiingia mahali hewa inapoingilia, yeye anakunywa moshi, na chini huko hata akikohoa nani atamusikia?

Siku nilipofika pale mara ya kwanza, nilikwenda kuuza samaki tu. Moustapha, fundi wa moteri, alikuwa anamutayarisha plonjeri anayeitwa Clovis. Upepo ukaniletea harufu ya kile kidude.

“Hicho kitu kinanuka matako ya lori,” nikasema.

Wakacheka wote. Moustapha akakinusa, akaacha kucheka. Tiyo ya kuingizia hewa ndani ya kompresa ilikuwa imeanguka karibu na bomba la moshi. Déo akasema palepale: kuanzia leo hakuna mutu atashuka kama Mama Faridah hajaonja hewa. Akaniweka pia kwenye chakula cha watu wake, mimi pamoja na Carine, muke wa Clovis. Nikawa na jiko kwenye muchanga na cheo kwenye mutumbwi.

Kuonja hewa kuna sheria zake. Tangu unaamka usile mafuta ya mawese, usiguse pombe, usivute kitu. Moteri inapata moto kwanza. Unaweka kidude mudomoni, unavuta mara kumi, unatolea puani polepole. Halafu Moustapha analenga tiyo kwenye kitambaa cheupe chenye maji, na kila mutu anaangalia: kikipata doa la mafuta, hakuna kushuka. Kitambaa kikiwa safi na mimi nikasema “hewa ni nzuri,” basi plonjeri anatema mate majini na kwenda. Neno langu lilikuwa la mwisho. Nisiseme uongo, nililipenda.

Matata yalianza Hippolyte alipoomba kazi. Hippolyte ni mume wa binti yangu Soraya. Kwetu mukwe haangalii mama mukwe usoni. Hali chakula mbele yake. Kitu hakitoki mukono huu kikaenda mukono ule bila mutu wa katikati. Sasa mimi natoa kidude kwenye meno yangu, na anayengoja kukitia kwenye meno yake ni mukwe wangu! Siku ya kwanza watu wote waliangalia maji kama vile samaki watawajibu.

Ni Moustapha aliyepata njia. Alikipokea kwangu, akakiosha mutoni kwa sabuni, akakirudia na muchanga, akakirudia na sabuni, akakiweka juu ya ubao. Mimi nikageukia upande wa Kabambare kama mutu anayehesabu miti. Hippolyte akakiokota.

“Ongeza sabuni, Moustapha,” nikasema bila kugeuka. “Sitaki wajukuu wangu wazaliwe na meno yangu. Hata mimi yananitosha kwa shida.”

Nilisikia watu wanakufa kwa kicheko. Hippolyte hakucheka kwa sauti, ana adabu, lakini Moustapha aliniambia mabega yake yaliruka.

Kabla ya siku hiyo Soraya alikuwa hataki mume wake aingie mule majini. Alikuja kwangu, mimba ya miezi sita mbele, akakaa kwenye mukeka.

“Mama, chini ya maji hakuna mulango. Kikimukuta kitu atatokea wapi?”

“Mimi ndiye nitaonja hewa yake,” nikamwambia. “Kila asubuhi. Mimi mwenyewe.”

Akasema, “Basi, kama ni wewe.” Akaamka akaenda. Hippolyte alishuka kwa neno hilo.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa kuliruka. Mwezi wa sita, jino langu la nyuma lilianza kuniua. Kuna mwanamuke kutoka Wamaza anauza tumbako ya kunusa, kali, imechanganywa na majivu ya maganda ya ndizi. Akaniwekea kidogo kwenye kucha. Nikanusa. Jino likanyamaza kama mutoto aliyeonyeshwa fimbo. Kesho yake nikanunua kipaketi. Nilikuwa nanusa asubuhi baada ya sala, nyuma ya nyumba, na jioni tena. Nilijiambia: sheria inasema usivute, mimi sivuti, nanusa. Unaona jinsi mutu muzee anavyoweza kujipigia kesi na kujishindisha.

Siku moja ya Jumatatu, Déo aliona sehemu mupya yenye changarawe nzuri. Wakasogeza mashini, na ili lile bomba la kuvuta lifike vizuri, wakageuza moteri yake na kuiweka upande wa pili. Kompresa haikuguswa. Tiyo ya kuingizia hewa ilibaki juu ya muti wake, mbali na moshi wa kompresa, kama siku zote. Nikaonja. Nzuri. Kitambaa cheupe. Clovis akashuka asubuhi, Hippolyte mchana.

Jioni Hippolyte alikaa peke yake kwenye muchanga, kichwa katikati ya magoti. Hakula. Jumanne vilevile, na akatapika nyuma ya majani. Jumatano alitembea akishika mutumbwi kwa mukono kama kipofu.

Mimi nilifanya nini? Nilipiga kelele nikimugeuzia mugongo, kwa Carine, ili asikie:

“Carine, kuna vijana wanakunywa lutuku usiku, asubuhi wanasema ni malaria! Mbu wa siku hizi wanauza pombe!”

Carine akacheka. Mukwe hajibu mama mukwe. Niliona Hippolyte anainua macho kidogo, yakafika kwenye pua yangu, siyo usoni, kwenye pua tu, halafu yakashuka. Nilifikiri ni haya ya mulevi.

Alhamisi asubuhi jino lilikuwa limenichosha usiku muzima. Nilinusa mara mbili. Nikaenda nikaonja hewa, mara kumi, nikaitoa polepole. Nzuri. Kitambaa cheupe kabisa. Siku ile Hippolyte ndiye alikuwa wa kwanza. Kabla ya kushuka alisimama muda kidogo, akamwambia Moustapha kitu. Moustapha akaniuliza:

“Mama Faridah, ye iko nauliza kama uko na uhakika.”

“Mwambie mutu aliyelala vizuri haulizi maswali kama hayo,” nikajibu.

Akashuka.

Nilirudi kwenye jiko, hatua kama thelathini za maji machache kati yangu na mashini, iliyofungwa pale kina kinapoanza. Nikaweka samaki juu ya moto, nikakaa mbele yao na kuanza kuchambua muchele. Sijui muda gani ulipita. Carine alikuja kutoka kuchota maji, akatupa ndoo chini.

“Mama! Samaki wameungua! Uko unafanya nini?”

Nikaangalia. Walikuwa makaa. Moshi mweusi ulikuwa unanipita usoni, macho yalikuwa yananitoka machozi, na mimi nilidhani ni vumbi la muchele. Nikainama mpaka ndevu zangu chache za uzee zikaanza kuungua. Nikavuta pumzi kwa pua yote. Hakuna kitu. Nikachukua ganda la limao nikalikamua chini ya pua. Maji tu.

Na hewa ya Hippolyte nilikuwa nimeionja asubuhi ile kwa pua hiyo.

Sikumbuki niliingiaje majini. Carine anasema nilikimbia na nguo zikanitoka nusu. Ninachokumbuka ni nimeshika ubao wa mutumbwi na kupiga kelele: “Mupandishe! Mupandishe sasa hivi!”

Déo akaweka mukono kwenye sikio, moteri zilikuwa zinapiga kelele sana. “Mama, kuna nini? Ye iko anafanya kazi. Changarawe iko natoka muzuri.”

“Vuta kamba!”

Kila plonjeri ana kamba imefungwa mukononi. Ukiivuta mara moja, yeye anajibu mara moja, maana yake niko sawa. Moustapha akavuta. Tukangoja. Kamba ikakaa vile.

“Ameshikilia bomba kwa mikono miwili,” Déo akasema. “Angalia mapovu, mapovu yanatoka.”

“Mapovu ni ya kompresa, mupumbavu wewe, siyo ya mutu!”

Nikashika kamba mimi mwenyewe. Mama mukwe kumuvuta mukwe wake kama kitoweo, mbele ya watu, sijawahi kusikia. Moustapha akaniangalia, halafu akashika nyuma yangu. Clovis naye. Hippolyte alikuja muzito, bila kusaidia, kichwa kimelala upande, meno yameuma kile kidude kwa nguvu hivi kwamba Clovis alitumia kijiko kukitoa. Tukamulaza juu ya mbao. Alikuwa anapumua kwa mbali, kama anayekoroma ndani ya gunia. Nikamugeuza ubavu, akatapika. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa namuangalia usoni. Miaka minne ni mume wa mutoto wangu, na sikuwa najua kwamba ana kovu dogo kwenye nyusi.

Moustapha alizunguka mashini kama mutu aliyepoteza funguo. Akasimama nyuma ya ile moteri ya kuvuta muchanga, akanyoosha mukono, akautazama. Bomba lake la moshi, tangu walipoigeuza Jumatatu, lilikuwa linapuliza moja kwa moja mahali hewa inapoingilia. Sisi wote tulikuwa tunaangalia moshi wa kompresa. Hakuna aliyekumbuka kwamba moteri ya pili nayo inapumua.

Tulimupeleka kwa mutumbwi mpaka Nyangwe, halafu kwa pikipiki mpaka Kasongo, yeye katikati ya dereva na Moustapha, amefungwa kwa kitenge changu. Mimi nikafuata kwa pikipiki nyingine, mudomo wazi, nikimeza vumbi lote la barabara. Hospitali wakamuwekea hewa ya oksijeni. Munganga aliyekuwepo ni mama mumoja jina lake Odile, mutu wa maneno machache. Alinikalisha upande wa pili wa pazia.

Saa kumi na moja jioni Hippolyte alifungua macho. Nikasikia Odile anamuuliza jina lake. Alilisema. Akamuuliza jina la muke wake. Nilihesabu mpaka ishirini na saba kabla hajasema, “Soraya.”

“Kichwa kilianza leo?”

“Jumatatu.”

“Jumatatu! Na ulikuwa unashuka tu? Kwa nini hukusema?”

“Ningemwambia nani? Hewa anaonja mama wa muke wangu.” Sauti yake ilikuwa nzito, ulimi haujarudi vizuri. “Anatumia tumbako ya kunusa. Nilimuona nyuma ya nyumba. Mimi nitasimama mbele ya watu niseme mama mukwe wangu hana pua tena? Watamufukuza. Na Soraya atasema nimemuvua mama yake nguo.”

“Kwa hiyo ukaona bora ufe.”

“Sikufikiri nitakufa. Nilifikiri pengine naye anajua.”

Mimi niko nyuma ya pazia. Nguo ya pazia ilikuwa na maua ya kijani. Nimeyahesabu yote.

Odile alipotoka, nilimufuata mpaka uani. Nikamuuliza: kama ningekuwa na pua yangu ya zamani?

“Pengine ungesikia harufu ya moshi,” akasema. “Pengine hapana. Ile sumu inayoua ndani ya moshi haina harufu, mama. Haina rangi, haina kitu. Hewa inaweza kuwa nzuri kwa pua na ikaua. Kuna kifaa kidogo cha kuipima. Ninyi mulikuwa munapima kwa mwanamuke muzee.”

Hakusema kwa ubaya. Ni hilo liliniuma zaidi.

Soraya alifika akiwa amevimba miguu. Nilimwambia vyote pale pale kwenye benchi, tumbako, jino, samaki, na ile mizaha yangu ya lutuku. Nilisema haraka, ili nisipate nafasi ya kupamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Yeye alikuwa anajua?”

“Alikuwa anajua.”

Akaingia ndani. Sikuitwa. Kesho yake asubuhi alinipa chai kupitia mutoto wa jirani wa kitanda, kama vile sasa mimi ndiye mukwe.

Jumamosi nilirudi mutoni, kwa sababu Moustapha alileta habari: Déo anataka kuendelea. Wamehamisha tiyo ya kuingizia hewa upande mwingine, Clovis atashuka, wananingoja mimi tu.

Unajua walivyonipokea? Kwa vigelegele! Wanaume wazima. Déo alinishika mikono miwili.

“Mama Faridah! Pua ya serikali! Mutu iko chini mita kumi na mbili, we uko unachoma samaki, unasikia kifo kutoka kule! Nimewaambia watu wa Kasongo, hakuna mashini kama hii.”

“Sikusikia kitu,” nikasema. “Ndiyo sababu nilikimbia. Pua imekufa. Nanusa tumbako tangu mwezi wa sita.”

Wakacheka.

“Nawaambia kweli. Sikusikia hata samaki wangu wanaungua.”

“Anaanza!” Moustapha akasema, anafuta machozi. “Mama, juzi ulisema una meno ya kuwapa wajukuu, leo huna pua. Kesho utasema we ni bibi harusi!”

“Moustapha, mwanangu, ulikuwa hospitali!”

“Nilikuwa nje na pikipiki, mama. Onja tu, jua linapanda.”

Miaka yote nimewachekesha watu hawa. Siku ninayotaka waninunie, hawajui njia. Niliangalia kila uso. Clovis alikuwa tayari, vyuma kiunoni, miwani kwenye paji. Carine alikuwa kwenye muchanga, mikono juu ya kichwa, ananiangalia mimi, siyo mume wake. Moteri zote mbili zilikuwa zinanguruma. Moustapha akaniletea kidude.

Nikakiweka mudomoni. Nikavuta mara moja. Ilikuwa baridi na haina kitu, kama ya Jumatatu, kama ya Alhamisi. Ingeweza kuwa nzuri. Tiyo ilikuwa imehamishwa kweli, niliona. Na kama ningesema “nzuri,” pengine ingekuwa nzuri, na Clovis angepanda saa moja baadaye akiuliza chakula. Nilikuwa na hilo neno kwenye ulimi, zito na tamu kama zamani.

Nikatoa kidude. “Siwezi kusema.”

“Mama, sema basi,” Déo akasema, na kicheko kikaanza kumutoka usoni. “Kama we husemi, nitasema mimi. Clovis, shuka.”

Kulikuwa na panga ya kukatia kamba, imechomekwa kwenye ubao. Nikaichukua. Walidhani ni muchezo mwingine, kuna aliyeanza kupiga makofi. Nikapiga ile tiyo ndefu ya hewa mara ya kwanza, panga ikaruka. Mara ya pili ikaingia. Mara ya tatu tiyo ikakatika, kipande kimoja kikaanza kurukaruka juu ya mbao kikipiga filimbi, na watu wakakwepesha miguu.

Déo alitukana baba yangu, akatukana na babu yangu, akauliza kama najua tiyo kama ile inatoka wapi na inachukua majuma mangapi. Najua. Moustapha alizima moteri moja, halafu ya pili, na ghafla tukasikia maji.

Clovis alikuwa amekaa chini. Hakukaa vizuri, miguu ilimukatalia. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili.

“Na mimi,” akasema.

“Na we nini?” Déo akamugeukia.

“Kichwa. Tangu Jumanne. Jana hata sikulala.”

“Na ulikuwa unataka kushuka! Kwa nini ulinyamaza, mutu wa Mungu?”

Clovis aliniangalia. Yeye si mukwe wangu, ana ruhusa ya kuniangalia usoni, na aliniangalia kwa muda.

“Mama alisema hewa ni nzuri,” akasema.